Gari la Jecinta na Sensa ya Kushoto

Juma lile la sensa, chaki ilipita kwenye milango yote ya Kinondo. Kila nyumba iliyohesabiwa iliandikwa namba, na Syovata alikataza mtu yeyote kuifuta ile ya kwake. Alipoona mvua ya rasharasha inakuja aliutundikia mlango gunia. Alikuwa amehesabiwa vizuri. Karani aliyekuja alikuwa binti mpole aliyevua viatu kizingitini bila kuambiwa, na alipouliza habari za mume na kujibiwa kwamba mzee Muasya alikwisha fariki, hakuandika mbiombio. Aliinua kalamu, akasema, "Pole, mama," ndipo akaendelea. Neno lile dogo Syovata alikuwa bado nalo moyoni.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, bintiye Jecinta alipoingia jikoni, akaweka funguo za gari mezani na kusema, "Mwaitu, shida ni sensa. Fundi Wafula anasema ni sensa ya kushoto," Syovata alishusha mwiko.

Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, na Jecinta, ingawa alikuwa amekulia pwani na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, hakuwa amemwita mamake kwa jina jingine tangu aanze kusema.

"Sensa ya kushoto?" akauliza Syovata. "Ina maana wale wa upande wa kushoto wa barabara wamerukwa? Mbona yule binti nilimwona kwa macho yangu akiingia kwa kina Ziro!"

"Si sensa hiyo, Mwaitu."

"Iko nyingine?"

Jecinta hakuwa ameamka na kicheko asubuhi ile, lakini kilimtoka. Alivuta kigoda, akakaa, akaeleza. Mbele ya gari lake, nyuma ya taa kubwa, kulikuwa na vidude viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Gari likigonga kitu kwa nguvu, vidude hivyo ndivyo vinavyopeleka habari ndani, na mfuko wa hewa unafutuka kutoka kwenye usukani ukampokea dereva kifuani kabla hajaumia. Abiria wa mbele naye ana wake. Vidude hivyo mafundi huviita sensa. Kila gari linapowashwa, kuna kisanduku ndani kinachowaita wote: mpo? Wakiitika, taa ndogo nyekundu inazimika. Asipoitika mmoja, taa inabaki inawaka.

"Kumbe ni makarani," alisema Syovata.

"Naam. Na karani wa kushoto haitiki."

Taa hiyo Syovata aliijua. Ilikuwa na picha ya mtu aliyekaa, mbele yake duara kubwa, na tangu ilipoanza kuwaka yeye aliamini ni picha ya mama mja mzito, kwamba gari linaomba liendeshwe taratibu. Hakuliona kuwa jambo baya. Sasa alielewa kwa nini bintiye alikuwa halali vizuri.

Miaka miwili iliyopita ilikuwa migumu. Wageni walikuwa wameacha kuja Diani, hoteli zikafunga vyumba, madereva wakauza magari. Sasa wageni walikuwa wanarudi kidogo kidogo, na hoteli moja ilikuwa inachagua upya teksi za kuegesha langoni pake. Jecinta ndiye aliyekuwa mwanamke pekee aliyeomba. Bwana Mangi, msimamizi wa usafiri pale, alimwambia waziwazi kwamba gari lake analipenda na uendeshaji wake anaupenda, lakini gari lenye taa ile nyekundu hawezi kulipokea, maana ni maisha ya wageni. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulazimika kuliongeza: nafasi ile angemwekea hadi Jumamosi, wengine waipigie kelele watakavyo. Fundi wa kwanza alikuwa amesema sensa imekufa. Jecinta akaenda hadi Mombasa, akapata nyingine iliyotoka kwenye gari la namna ileile, ikafungwa, na taa ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililofanyika.

"Wafula ataanza upya leo," alisema Jecinta. "Asiposhinda yeye, nafasi imekwenda."

Syovata alifunika sufuria. "Ngoja nichukue chupa ya chai. Tunakwenda wote."

*

Karakana ya Wafula ilikuwa Ukunda, banda la mabati lililoegemea ukuta wa duka la mbao. Wafula alitoka Bungoma miaka mingi nyuma, akashughulikia umeme wa magari tu, na watu walimsifu kwa mikono yake. Syovata yeye alimsifu kwa jambo jingine. Walipofika tu, kabla hata hajalitazama gari, Wafula alivuta kiti kilichotolewa kwenye basi chakavu, akakung'uta vumbi, akakunja gunia na kuliweka juu ya ile springi iliyochomoza, akalikandamiza kwa kiganja mpaka akaridhika.

"Keti hapa, mama. Hapa haikuchomi."

Kwenye ndoo iliyopinduliwa alikuwa amekaa Trevor, dereva wa teksi kama Jecinta, ambaye honi yake ilikuwa inasubiri zamu ya kutengenezwa. Trevor hakujua kukaa kimya, na watu walikuwa wamekwisha kumzoea.

"Shosho amekuja kusimamia kazi!" alisema, maana kila mama mzee kwake alikuwa shosho, yaani nyanya. "Wafula, leo umepatikana. Leo hutafunga waya na sandarusi."

"Wewe honi yako nitaifunga na sandarusi," alisema Wafula, "ili ikilia iseme kwi, kama wewe."

Wafula aliingiza kipande cha waya katika matundu mawili ya kisanduku kidogo chini ya boneti, kisha akamwomba Jecinta afungue swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Iliwaka mara moja, ikapumzika, ikawaka mfululizo, ikapumzika tena, na ikarudia vilevile. Wafula aliitazama huku midomo yake ikihesabu, maana idadi ya mikonyezo ndiyo inayotaja hitilafu ilipo, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma.

"Bado inasema kushoto," alisema. "Sensa mpya, maneno yaleyale. Sasa nani kafa, sensa zote mbili?"

"Mimi ningekuwa wewe," alisema Trevor, "ningechomoa hiyo balbu, basi. Maze, taa ikizima nani atajua? Jumamosi Mangi anachungulia, hakuna taa, anakupa nafasi. Imeisha hiyo."

Syovata alimtazama bintiye. Jecinta alikuwa ameinamia funguo zake, anazizungusha kidoleni, na kutoka kwenye kile kiti cha basi Syovata aliliona wazo likiingia na kutafuta mahali pa kukaa. Hakumwingilia. Jecinta hakuwa mtoto.

"Wafula," alisema Jecinta hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ingewezekana?"

"Inawezekana. Ni kazi ya dakika." Wafula alipangusa mikono yake taratibu. "Halafu siku moja ng'ombe akakatiza pale Gazi, nawe una mgeni kando yako, mfuko usifunguke. Mimi nitatazama wapi, Jecinta?"

Funguo zikanyamaza. "Sahau kwamba nimeuliza."

"Kuuliza nini? Mimi sikusikia kitu," alisema Wafula, akainama kufungua betri.

Syovata alimimina chai. Kikombe cha kwanza alimpelekea Wafula, na akamjazia mpaka ukingoni.

Betri ilipofunguliwa, Wafula alikaa chini. Trevor akamuuliza kama amechoka kabla ya kazi kuanza. Wafula akaeleza kwamba kile kisanduku cha ndani hubaki na umeme kidogo hata betri ikitolewa, na mtu akikishika kabla hakijatulia, mfuko unaweza kumlipukia usoni. "Tunamwacha apumue kwanza," alisema. "Huyu hakimbizwi." Syovata alifurahi kusikia kwamba ipo kazi ya kisasa ambayo sharti lake la kwanza ni kukaa na kunywa chai.

Muda ulipotosha, Wafula alitoa mita yake. Trevor, kwa kutaka kusaidia, alikwisha okota taa ya kujaribia umeme na kuisogeza kwenye plagi ya njano chini ya usukani. Wafula alimdaka mkono.

"Hapo hapapimwi! Ukiona waya wa njano kwenye gari, weka mikono mfukoni. Umeme mdogo tu wa hiyo taa yako ungeufungua huo mfuko, na hayo meno yako ya mbele tungeyatafuta kwa tochi."

"Nilikuwa nasaidia, bwana."

"Nisaidie kwa kushika kikombe."

Akazichomoa plagi zote zinazohusika, za mifuko na za sensa na ile ya kisanduku, ili mita yake iguse nyaya tupu peke yake. Akaweka ncha moja kwenye plagi ya ndani, nyingine kwenye plagi ya sensa ya kulia. Mita ikalia, ti. Akahamia kushoto. Kimya. Akalitikisa fungu la nyaya lililopita kando ya injini. Ti. Kisha kimya tena.

Wafula alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, umesema hawa ni makarani, sivyo? Jecinta ameniambia. Basi karani wa kushoto hajafa. Wala yule wa kwanza hakufa. Amefanya kazi yake, anaitika, lakini njia ya kupelekea habari imekatika. Ni waya."

"Wapi?" akauliza Jecinta.

Hapo tabasamu likapungua. Nyaya zile zilifungwa pamoja na nyingine, zikavishwa mpira, zikajificha ndani ya madigadi. Kuzifuata zote ilikuwa sharti kufungua taa, bampa, na madigadi lenyewe, na magari ya pwani yana chumvi. Bolti huota kutu zikakatikia ndani. "Nikianza kufungua yote," alisema Wafula, "Jumamosi itanikuta sijarudisha. Ningependa kujua mahali kwanza."

Jecinta alisimama akilitazama gari lake kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyeweza kusema panapouma.

Syovata aliinuka kwenda kuchukua kikombe ambacho Wafula alikuwa amekiacha pembeni mwa boneti. Gari lilikuwa limekuja moto kutoka Kinondo na bado joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye vyuma. Alipoinama alisimama hivyohivyo, kikombe mkononi.

"Nani amepika wali wa nazi hapa?"

"Shosho ana njaa!" alicheka Trevor. "Jecinta, hujampa mama chakula?"

"Mimi nimekula. Nasema, hapa pananukia nazi." Alisogeza pua upande wa kulia, akatikisa kichwa. Alisogeza upande wa kushoto, akafumba macho. "Hapa. Nyuma ya taa hii."

Wafula hakucheka. Aliingiza kichwa, akavuta pumzi, akakitoa. "Pua yangu ilimalizwa na petroli zamani. Lakini mama akisema ni nazi, ni nazi." Akachukua spana akaikabili taa ya kushoto. Alijiandaa kusukumana na kutu, akakaza mkono, na bolti ikazunguka bila ubishi wowote. Ya pili vilevile. Akazitazama kiganjani: zilikuwa safi, zinang'aa. "Eh! Aliyezipaka mafuta bolti hizi amenipunguzia kazi ya nusu siku. Mungu ambariki."

Kisha akaichomoa taa, na wote wanne wakachungulia.

Nyuma yake kulikuwa na nyumba. Iliezekwa kwa nyuzi za makumbi, ikatandikwa vipande vya gazeti, ikawa na mlango wake mdogo wa mviringo. Wenyewe hawakuwapo. Kando ya mlango lilipita fungu la nyaya, na tepu yake nyeusi ilikuwa inametameta kwa mafuta ya nazi. Mahali pamoja tepu ilikuwa imetafunwa yote, mpira wa njano umetafunwa, na ndani yake waya mmoja ulikuwa umekatika kabisa na mwenzake unaning'inia kwa uzi.

"Panya," alisema Wafula. "Lakini panya hupenda waya lini, kukiwa na mihogo shambani? Huyu ametiliwa kitoweo. Amekula mafuta, akala tepu yenye mafuta, akafika kwa waya bila kujua."

"Jamani nani anapikia gari?" akauliza Trevor.

Syovata na Jecinta hawakuulizana. Walitazamana tu.

*

Njia ya kwenda nyumbani kwa Syovata ilikuwa nyembamba, gari halikupita, kwa hiyo tangu linunuliwe lilikuwa linalala katika banda la makuti la jirani yao, mzee Mwero. Hakutaka malipo. Alisema banda lilikuwa tupu na gari linampa sababu ya kulifagia. Mwero alikuwa Mdigo mwenye minazi yake michache na baiskeli ya zamani kuliko Jecinta, na aliitunza baiskeli ile kwa mafuta ya nazi aliyoyakamua mkewe. Mafuta hayohayo aliyapaka bawaba za milango, jembe, redio, na magoti yake mwenyewe kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Upepo wa pwani una chumvi, alisema, na chumvi haiogopi kitu ila nazi.

Na kulikuwa na lile jingine. Ule mwaka wa fujo, watu wa bara walipokuwa wanaambiwa waondoke, Syovata na bintiye walilala ndani ya nyumba ya Mwero, na yeye akalala uani kwenye mkeka, mbele ya mlango. Walipokuja watu kuuliza nani yumo, alijibu, "Jamaa zangu." Hakuongeza neno. Tangu hapo hakulitaja tena, hata kwa mzaha, na Syovata alijua ni kwa sababu hakutaka wao wajione wana deni.

"Mwaitu," alisema Jecinta pole pole, "tusimwambie. Atajisikia vibaya mno."

"Tusipomwambia, kesho ni Ijumaa. Kesho atapaka tena. Na Jumamosi taa itakuwa inawaka mbele ya Bwana Mangi."

Jecinta akaitikia kwa kichwa.

"Nitakwenda mimi," alisema Syovata. "Wewe utasema haraka. Mimi nitakaa kwanza."

Wafula hakuziunganisha nyaya zile kwa kuzisokota kwa vidole. Alisema waya wa honi husokotwa, huu hausokotwi. Alikwenda kwenye gari bovu nyuma ya banda, akakata kipande kizuri chenye plagi yake, akakiunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, kiungo kimoja hapa na cha pili mbele kidogo ili visigusane, akavivisha mpira mwembamba unaojibana kwa joto, akapitisha yote ndani ya bomba gumu. Alifanya hayo bila kuzungumza, na hata Trevor alishika tochi kimya, tena vizuri, akiifuata mikono ya fundi kila ilipokwenda. Syovata aliliona hilo pia.

Plagi zikarudi mahali pake, na betri ikafungwa mwisho. Wafula akamwambia Jecinta afungue swichi kwa kunyoosha mkono kutoka nje, asiketi kwanza mbele ya usukani.

Taa nyekundu ikawaka. Yule mtu mwenye duara akakaa pale, akawatazama. Jecinta alikuwa ameushika mlango kwa mkono mwingine.

Taa ikazimika.

Wafula akafunga, akafungua tena. Ikawaka, ikazimika. "Makarani wote wameitika," alisema.

Trevor akapiga makofi, akampigia Syovata saluti. "Shosho, ukikosa kazi njoo ukae langoni, uwe unanusa magari."

Kabla hawajaondoka, Wafula alimpa Syovata kopo dogo la grisi. "Mpelekee huyo mpakaji mafuta. Mwambie bolti zake ndizo zilizotuokoa. Nimesema kweli, bila yeye, ningekuwa bado nabisha na taa. Ila nyaya azisamehe."

*

Alasiri Syovata alivuka uani kwa Mwero akiwa na bakuli la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambayo Mwero alipenda kuyaita chakula cha watu wenye meno. Alimkuta ameipindua baiskeli, analizungusha gurudumu. Kando yake palikuwa na chupa ya mafuta.

"Hodi, mzee Mwero."

"Karibu, Mama Jecinta, karibu. Wote hawajambo?"

"Hawajambo. Nanyi?"

"Alhamdulillahi. Keti. Leo umekuja na meno?"

Wakacheka. Syovata alikaa kwenye kigoda, wakaulizana habari za mke, za minazi, za karani wa sensa ambaye kwa Mwero alikunywa madafu mawili na kusahau kalamu. Alipoona mazungumzo yametulia, Syovata alisema, "Nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kulipaka gari la Jecinta mafuta."

Mwero akatazama chini kwa haya. "Umejua! Nilikuwa napaka kidogo tu. Vyuma vya mbele vinapigwa sana na ule upepo."

"Fundi amesema hajaona bolti safi kama zile. Zimefunguka bila kushindana. Amesema Mungu akubariki, na amekuletea hii." Akamkabidhi kopo.

Mwero alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. Lakini alikuwa mtu mzima, na alijua shukrani haivuki ua na kopo bila sababu. "Fundi alikuwa anafungua nini huko mbele?"

"Kuna wengine waliyapenda mafuta yako kuliko bolti. Panya. Walijenga nyuma ya taa, wakala waya wa sensa."

"Sensa?" Mwero aliinua macho. "Hata gari limehesabiwa?"

Syovata alicheka mpaka akashika mbavu, na ilimbidi aeleze yote, habari za makarani wawili, na kisanduku kinachoita, na mtu mwenye duara ambaye si mja mzito. Alieleza vizuri, kama aliyezaliwa karakana. Mwero alicheka naye, akitikisa kichwa. Kisha kicheko kikamwisha usoni, na akauliza jambo ambalo Syovata alijua ndilo angeuliza.

"Na kazi ya mtoto?"

"Imebaki. Jumamosi wanalikagua. Taa imezimika."

Mwero aliachia gurudumu, likaendelea kuzunguka peke yake hadi likasimama. "Kumbe ni mimi niliyewakaribisha hao panya karamuni. Ungeweza kuninyamazia, Mama Jecinta."

"Ningekunyamazia, kesho ungepaka tena."

Alifikiri. "Kweli," alisema. "Chupa nilikuwa nimekwisha kuijaza." Akaitazama chupa, akamtazama Syovata, na wakacheka tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka mke wa Mwero akatoka kuuliza kuna nini.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Mwero hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa ndugu yake Munje, akarudi na kikapu kilichofunikwa kwa leso, na ndani ya kikapu kulikuwa na paka wa rangi ya majivu aliyekasirishwa na safari yote. Alimfungulia katika banda la makuti, akamwekea kichwa cha samaki chini ya bampa. Bolti za gari alizipaka grisi kwa ncha ya kidole. Nyaya hakuzigusa, alizinyooshea kidole tu, akimwonyesha paka.

Jumamosi Jecinta alivaa blauzi yake ya buluu, akaondoka mapema. Syovata alijipa kazi ya kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe. Mwero alikuja akakaa upande wa pili wa ungo, naye akaanza kuchambua, na kati yao hapakuwa na aliyetaja hoteli.

Gari likasikika likiingia bandani kwa Mwero. Jecinta alishuka taratibu, akaufunga mlango, akaja anajizuia kutabasamu na anashindwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema basi, mwanangu, usituue."

"Bwana Mangi alifungua swichi mwenyewe. Ikawaka. Akangoja. Ikazimika. Akasema, 'Karibu kazini, mama.' Kesho nawapeleka wazee wawili, mtu na mkewe, mpaka Msambweni, wapande mashua ya kwenda Funzi. Bibi anaogopa mwendo wa kasi, na amesema anataka kukaa mbele."

"Mkalishe," alisema Syovata. "Karani wake yupo."

Mwero aliinuka, akaenda bandani. Walipomfuata walimkuta mbele ya nguzo ya mlango, ana kipande cha mkaa, anaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kuandika ukubwani. Chaki ya serikali hakuwa nayo, alisema, lakini banda nalo lilistahili kuhesabiwa. Paka, ambaye sasa alikuwa anaitwa Sensa, alikuwa amelala juu ya boneti yenye joto, upande wa kushoto.

Aliandika gari moja. Chini yake akaandika paka mmoja.

"Na panya?" aliuliza Jecinta.

Mwero alipuliza vumbi la mkaa kutoka vidoleni. "Hao," alisema, "wamehama."